Mbebwa hujikaza: Miki Biasion na Safari mbili za Lancia

Swali: "Mzee, shikamoo. Mimi ni fundi wa magari hapa Voi. Babu yangu hukaa nasi gerejini jioni, na Safari Rally ikikaribia hutusimulia habari za Mwitaliano mmoja, Biasion, aliyeichukua Safari mara mbili mfululizo akiwa na Lancia. Vijana wenzangu humcheka. Wanasema Waitaliano ni watu wa lami, na kwamba mgeni hakuweza kushinda Safari ya zamani ila kwa bahati au kwa kubebwa na gari. Huyu mtu alikuwa nani? Alishinda yeye au lilishinda gari? Na baada ya hapo aliishia wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nisalimie babu, na uwaambie hao wenzako walipe chai ya jioni, maana mzee hajaongeza chumvi. Massimo Biasion, ambaye watu wa rali humwita Miki, alishinda Safari mwaka 1988, akarudi akashinda tena 1989, mara zote mbili akiwa na Lancia Delta Integrale nyeupe yenye mistari ya wadhamini wao, Martini. Kabla yake hakuna Mwitaliano aliyekuwa ameshinda Safari tangu mashindano yalipoanza mwaka 1953. Miaka hiyo hiyo miwili ndiyo aliyotwaa ubingwa wa dunia wa madereva, na tangu ubingwa huo uanzishwe 1979 hakuna Mwitaliano mwingine aliyeupata.

Kuhusu gari na dereva, nitakuudhi kidogo: wenzako wana nusu ya ukweli. Alibebwa. Lancia ya miaka ile ilimbeba kila dereva aliyekaa ndani yake. Lakini wazee walisema mbebwa hujikaza, na mimi naona kazi yote ya Biasion imo ndani ya neno hilo la kujikaza.

Kwanza tuliondoe hili la lami. Biasion alizaliwa tarehe 7 Januari 1958 huko Bassano del Grappa, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Italia, chini ya milima. Msoma njia wake, yaani anayekaa kando ya dereva akimsomea maandishi ya barabara, Tiziano Siviero, alikuwa kijana wa mji huo huo, na wawili hao walikaa gari moja karibu maisha yao yote ya rali. Ni kweli kwamba walijulikana kwanza kwenye barabara za kwao: mwaka 1983, wakiwa na Lancia 037 ya timu ya Jolly Club, walichukua ubingwa wa Italia na wa Ulaya kwa pamoja. Gari hilo la 037 lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na lami ndiyo iliyokuwa nyumbani kwake. Kama hadithi ingeishia hapo, wenzako wangekuwa sahihi.

Sasa hesabu ushindi wake wa ubingwa wa dunia. Alishinda rali 17. Za Italia, yaani Sanremo, ni tatu tu: 1987, 1988 na 1989. Kumi na nne zilizobaki alizipata ugenini. Argentina mara tatu, Ureno mara tatu, Ugiriki mara tatu, Monte Carlo mara mbili, Kenya mara mbili, na Olympus ya Marekani mara moja. Sehemu kubwa ya hizo ni vumbi, kokoto na mawe. Rali iliyokuwa ya lami tupu wakati ule ilikuwa ile ya kisiwa cha Corsica, na Biasion hakuishinda hata mara moja. Waambie hivyo kesho asubuhi, kisha uangalie nyuso zao.

Ugiriki ndiyo inayonivutia zaidi katika orodha hiyo. Acropolis ni rali ya joto na mawe, rali inayokula gari. Anayeshinda Acropolis mara moja huenda amebahatika. Anayeishinda 1988, 1989 na tena 1993, mara ya mwisho akiwa na gari la kampuni nyingine, huyo ana tabia fulani mkononi: anasikia gari linapolalamika. Wewe ni fundi, unawajua madereva wa namna mbili. Yupo anayeleta gari likiwa limeshakufa akakuambia "limezima tu ghafla," na yupo anayeleta gari zima akakuambia "kuna kitu kinagonga upande wa kushoto nikikata kona." Biasion alikuwa wa namna ya pili.

Safari ya miaka ile iliwapenda watu wa namna ya pili kuliko mashindano mengine yoyote. Nadhani wenzako wanafikiria Safari ya sasa, hii iliyorudi Naivasha mwaka 2021, ambayo ni rali nzuri lakini imekatwa vipande vidogo kama rali za Ulaya: barabara inafungwa, gari linaondoka peke yake, sekunde zinahesabiwa. Ile ya babu yako haikuwa na hatua za namna hiyo. Magari yaliondoka jukwaani kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, siku za Pasaka, yakazunguka nchi kwa zaidi ya kilomita 4,000. Ulipewa kadi na muda wa kufika kituo kinachofuata, na muda wenyewe katika sehemu ngumu ulipangwa uwe mfupi kiasi kwamba hakuna binadamu angeufikia. Kila dakika uliyochelewa iliandikwa kuwa adhabu. Mwisho wa safari mwenye adhabu ndogo kuliko wengine ndiye mshindi. Na barabara haikufungwa. Basi la abiria lilikuwa na haki yake, lori la mizigo lilikuwa na haki yake, na ng'ombe alikuwa na haki kuliko wote.

Ukielewa hesabu hiyo umeielewa Safari. Huko Ulaya dereva alipigania sekunde mbili kwenye kona. Hapa, pancha moja ilikula dakika mbili tatu, shoki iliyokatika ilikula robo saa, na rejeta iliyotobolewa na jiwe ilikupeleka nyumbani. Sekunde mbili za kwenye kona hazikuwa na thamani yoyote mbele ya hayo. Kwa hiyo swali la dereva halikuwa "naweza kwenda kasi gani?" Lilikuwa "kasi gani nikiiacha mfukoni nitafika Nairobi na gari zima, na bado niwe mbele ya wengine?" Ukiacha kasi nyingi mno, unapitwa. Ukiacha kidogo mno, unabaki bondeni unangoja mafundi. Mwaka 1963 walioweza kufika mwisho walikuwa saba tu. Mwaka 1968 wakawa saba tena.

Halafu Pasaka ni mlango wa mvua ndefu. Asubuhi unapita bonde lenye vumbi jepesi kama unga, linaloingia hadi kwenye meno, na jioni bonde hilo hilo limekuwa udongo mweusi unaonata, gari linateleza ubavu. Mto uliovuka bila kulowesha matairi wakati wa mazoezi sasa unafika kwenye boneti. Hapo maandishi ya msoma njia hayatoshi, hata kama mmepita mara kumi. Timu kubwa zilifanya nini? Zilikuja wiki nyingi kabla, zikapita njia ile tena na tena zikiandika kila bonde na kila tuta, zikavunja magari ya mazoezi makusudi ili zijue kitu gani kitavunjika kwanza. Siku ya mashindano helikopta iliruka juu ya gari, ndani yake kuna fundi na vipuri, na mtu wa redio anayeonya: lori nyuma ya kilima, mifugo upande wa kulia. Watu wa vijijini waliijua helikopta kabla ya kulijua gari. Ukiisikia, unaita watoto watoke barabarani.

Mambo hayo yaligharimu pesa nyingi, na hapo ndipo wenyeji walipoanza kupoteza. Zamani mwenyeji alikuwa na kitu ambacho pesa haikununua: aliijua njia. Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976. Bert Shankland, aliyetokea Tanzania na Peugeot 404, alishinda 1966 na 1967. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda akaja kuwa Mkenya, alishinda mara tano, nne kati ya hizo zikifuatana kuanzia 1979 hadi 1982, na rekodi ya tano haijafikiwa na mtu. Kwa karibu miaka ishirini ya kwanza hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyeweza kuwapokonya watu wa hapa, hadi Hannu Mikkola wa Finland alipoivunja laana hiyo mwaka 1972 akiwa na Ford Escort. Nadhani msemo wa wenzako kwamba mgeni haiwezi Safari ni mabaki ya enzi hizo. Babu zao waliusema ukiwa kweli, wajukuu wakaurithi ukiwa umeshaoza. Kuanzia 1983 hadi 1987 washindi wote walikuwa watu wa nchi za kaskazini mwa Ulaya, na mmoja wao, Juha Kankkunen, mwaka 1985 alishinda Safari ya kwanza kabisa aliyoikimbia.

Lakini kama mgeni aliiweza, Lancia haikuiweza. Hapa ndipo ninapotaka utulie kidogo, maana ndipo palipo na uzito wa ushindi wa Biasion. Waitaliano walikuja Kenya mwaka baada ya mwaka. Sandro Munari, aliyekuwa mfalme wa rali wa Italia kabla ya Biasion, alimaliza wa tatu 1974 akiwa na Lancia Fulvia. Mwaka 1975 akaja na Stratos, gari lililoonekana kama limetoka sayari nyingine, akawa wa pili nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Hebu fikiria: Stratos imeshindwa na Peugeot 504, gari ambalo hapa kwetu lilikuwa linabeba abiria! Mwaka 1977 Munari akawa wa tatu tena. Walirudi na 037 miaka ya themanini, Markku Alén akawa wa nne 1984 na wa tatu 1986. Walikuwa wameshinda kila mahali, Monte Carlo wameishinda hadi wameizoea, lakini kombe la Safari halikuwepo kabatini Torino, nyumbani kwa Lancia. Magari yao yalikuwa ya mbio. Safari ilitaka gari la kazi lenye mbio ndani yake.

Gari hilo walilipata kwa njia ya msiba. Mwaka 1986 rali za dunia zilikuwa na magari ya Kundi B, yenye nguvu za kutisha na miili myepesi. Mwezi Machi huko Ureno gari moja liliingia katikati ya watazamaji, watu wakafa. Tarehe 2 Mei, Corsica, Lancia Delta S4 ya Henri Toivonen ilitoka barabarani ikawaka moto, akafa yeye na msoma njia wake Sergio Cresto. Mwaka mmoja kamili kabla ya hapo, tarehe ile ile na kisiwa kile kile, Attilio Bettega alikuwa amekufa ndani ya Lancia 037. Wakuu wa mchezo wakapiga marufuku Kundi B, wakasema kuanzia 1987 ubingwa utakimbiwa na Kundi A: magari yanayotokana na yale yanayouzwa dukani, yaliyotengenezwa angalau 5,000.

Kampuni nyingi zilishikwa bila koti kwenye mvua. Audi ilikuwa na 200, gari la mkurugenzi, refu na zito. Mazda ilikuwa na 323 ya magurudumu manne yanayosukuma, lakini injini yake ilikuwa ndogo. Ford haikuwa na kitu kilichokamilika. Lancia ilikuwa na Delta, kigari cha familia cha milango mitano, chenye injini ya lita mbili ya turbo na magurudumu yote manne yanayosukuma. Mwanzoni mwa 1988 wakaliboresha likawa Integrale. Kuanzia 1987 hadi 1992 Lancia ilichukua ubingwa wa kampuni mara sita mfululizo. Kwa hiyo mtu akikuambia "alibebwa," usibishane. Kubali, kisha mwulize: walibebwa wangapi?

Maana Biasion hakuwa peke yake mgongoni. Mwaka 1987 Lancia ilikuwa na madereva watatu wakubwa: yeye, Kankkunen na Alén. Tena timu ilikuwa ya Waitaliano na ilitaka Mwitaliano ang'are. Pale Monte Carlo, rali ya kwanza ya mwaka, Kankkunen aliagizwa ampishe Biasion mwishoni. Alimpisha, na hakuficha hasira yake. Ushindi ule sijawahi kuuhesabu mzito kama mingine, nasema hivyo ingawa mimi ni mpenzi wa Biasion. Na mwisho wa mwaka haki ilijitafutia njia: Kankkunen alimaliza bingwa kwa pointi 100, Biasion 94, Alén 88. Kankkunen akafunga virago akaenda Toyota.

Mwaka 1988 ukaanza, na ndani ya wiki chache za Machi na Aprili mambo yakabadilika. Integrale ilikimbia rali yake ya kwanza Ureno, Biasion akashinda. Kisha ikaja Safari. Mwaka uliotangulia Mikkola alikuwa ameonyesha njia kwa kushinda na Audi 200 Quattro, gari la kwanza lenye magurudumu manne yanayosukuma kushinda hapa. Lakini Audi ile ilikuwa kubwa na imara kama lori dogo. Delta ilikuwa fupi, na wengi walidhani mashimo yetu yataipasua.

Haikupasuka. Biasion alishinda, na nyuma yake akaja Mkenya, Mike Kirkland, na Nissan 200SX, akifuatwa na Per Eklund wa Sweden na Nissan nyingine kama hiyo. Lancia ikapata Safari yake ya kwanza.

Hapa lazima niwe mkweli, la sivyo babu yako atanishinda kwa uungwana. Nissan ile ilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Toyota, waliokuwa mabwana wa Safari katikati ya miaka ya themanini, walikuwa bado hawajaleta Celica yao ya magurudumu manne. Gari hilo lilionekana kwa mara ya kwanza mwezi Mei mwaka huo, Corsica. Mwaka 1989 mambo yalikuwa hivyo hivyo: Biasion wa kwanza, Kirkland wa pili na Nissan yake, Stig Blomqvist wa tatu na Volkswagen Golf, gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Biasion hakupambana na mtu mwenye silaha sawa na yake. Kama nikiulizwa nani alinifurahisha zaidi katika Safari hizo mbili, nitasema Kirkland. Kushika nafasi ya pili mara mbili mfululizo na gari la nyuma tu, dhidi ya kiwanda kizima kutoka Torino, ni kazi ambayo tulitakiwa tuiimbe zaidi ya tulivyoiimba.

Basi sifa ya Biasion iko wapi? Rudi kwenye ile hesabu ya dakika. Dereva mwenye gari bora hapotezi Safari kwa kupitwa. Anaipoteza mwenyewe. Anaona yuko mbele, anaona barabara ya vumbi imenyooka, mguu unamwasha. Rali za Ulaya zimemfundisha miaka yote kwamba kasi iliyobaki mfukoni ni dhambi, na sasa anatakiwa aitunze siku nzima, na kesho, na kesho kutwa, huku anajua kwamba akikanyaga tu angeweza kuwaacha wote. Madereva hodari sana walishindwa jaribio hilo. Rauno Aaltonen wa Finland alikuja hapa miaka na miaka, akamaliza wa pili mara kadhaa, hakushinda hata mara moja. Alén, mwenye kasi ambayo Biasion mwenyewe siku nyingine hakuwa nayo, aliondoka kwenye mchezo bila Safari. Biasion alikuja na silaha bora kuliko wenzake, na hakujikata nayo. Mara mbili.

Na ukitaka ushahidi kwamba gari peke yake halikutosha, angalia 1990. Lancia walirudi na Integrale ya vali 16, yenye nguvu kuliko zile mbili zilizoshinda. Wakapigwa. Björn Waldegård, mzee wa miaka 46, aliwapiga kwa Celica, na Lancia ya karibu zaidi ikawa ya pili, ya Kankkunen aliyekuwa amesharudi kwao. Toyota walipoleta magurudumu manne, mgongo wa Lancia haukutosha tena kumfikisha kila mtu. Kankkunen ndiye aliyewarudishia Safari Lancia mwaka 1991.

Safari zile mbili zilikuwa pia nguzo za ubingwa wake. Mwaka 1988 alishinda Ureno, Safari, Acropolis, Olympus na Sanremo, akamaliza na pointi 115, Alén akiwa nyuma na 86. Mwaka 1989 alishinda Monte Carlo, Ureno, Safari, Acropolis na Sanremo, pointi 106, na aliyefuata, Mwitaliano mwenzake Alex Fiorio, alikuwa na 65. Ushindi mmoja ulikuwa na pointi 20, kwa hiyo unaona mwenyewe pengo lile lilikuwa la ushindi mzima na zaidi. Timu nyingi za wakati huo zilimtuma mtaalamu wa Safari aje Kenya, kisha bingwa wao akaenda kwingine. Lancia walimleta bingwa wao mwenyewe, na bingwa akakubali kujifunza.

Baada ya hapo njia ilianza kuteremka. Mwaka 1990 alishinda Ureno na Argentina, lakini Carlos Sainz wa Hispania alikuwa amefika na Toyota, kizazi kipya, kasi mpya. Biasion alimaliza wa nne. Mwaka 1991 hakushinda hata rali moja. Akahamia Ford mwaka 1992, akaanza na Sierra iliyokwisha umri, kisha akapata Escort Cosworth, na nayo ndiyo aliyoshindia Acropolis ya 1993, ushindi wake wa mwisho katika ubingwa wa dunia. Aliondoka katika rali za dunia mwisho wa 1994.

Ukiniuliza nimweke wapi katika foleni, nitamweka chini ya Kankkunen na chini ya Sainz. Hao waliweza kushinda na magari tofauti, miaka tofauti, hata siku ambazo hawakuwa na gari bora. Biasion alikuwa bora kabisa pale tu gari na timu vilipokuwa bora. Wapo wanaoona huo ni udhaifu. Mimi nimekaa miaka mingi kando ya barabara hizi na daftari la kuandikia saa, nimeona magari mazuri kuliko yote yakirudishwa Nairobi juu ya lori, na siwezi kukubaliana nao moja kwa moja.

Umeuliza aliishia wapi. Hakustaafu kama watu wanavyostaafu. Aliingia kwenye malori, akaendesha Iveco katika mashindano ya jangwani, na Dakar akaikimbia kwa magari ya kila aina, hata kale kadogo ka Fiat Panda mwaka 2007. Karibuni zaidi, kampuni ndogo ya Italia iitwayo Kimera iliamua kuifufua Lancia 037 kwa teknolojia ya sasa. Gari hilo, EVO37, lilizinduliwa 2021, mwaka ule ule rali ya dunia iliporudi Naivasha. Walimtafuta mtu wa kuliendesha wakati wa majaribio na kuwaambia linagonga wapi. Walimchukua Biasion.

Mwulize babu kama anakumbuka ni mwaka gani alimwona, 1988 au 1989. Akisema Pasaka ile iliangukia mwezi wa tatu, ni 1989. Akisema mwezi wa nne, basi aliiona ile ya kwanza.